Chevreul, mzee wa miaka 102 aliyeikuta kreatini ndani ya supu

Msikilizaji, huenda umeona makopo ya unga mweupe wanaotumia vijana wanaobeba vyuma. Unga huo ni kreatini, na siku hizi wapo wanaosema kwamba unalinda hata ubongo. Aliyeigundua ni Mfaransa Michel Eugène Chevreul, naye hakuwa akitafuta dawa.

Alizaliwa mjini Angers tarehe 31 Agosti 1786, baba yake akiwa daktari. Akiwa na miaka 17 alikwenda Paris kusoma kemia kwa mwalimu Vauquelin. Mwaka 1811 mwenye kiwanda cha nguo alimpa sabuni aichunguze. Kazi hiyo ndogo ilimshika zaidi ya miaka kumi, mpaka akaeleza mafuta ya wanyama yameundwa na nini na kwa nini hugeuka sabuni. Ujuzi huo ndio ulioleta mishumaa migumu, isiyonuka kama ile ya zamani ya mafuta ya ng'ombe.

Mwaka 1832, katika supu ya nyama, alipata chembechembe ambazo hakuna aliyezijua. Akaziita kreatini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyama. Basi. Zina kazi gani mwilini, hakujua, akaendelea na rangi za nyuzi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins, alikokuwa mkuu wa idara ya rangi. Wafumaji walilalamika kuwa nyuzi nyeusi zimepauka. Chevreul akaona kuwa nyuzi hazina kasoro, ila rangi za jirani ndizo zinazodanganya jicho.

Kazi ya kreatini ilijulikana karne ya 20. Ni kama akiba ya nguvu: chembe hai ikiishiwa ghafla, huchota hapo. Misuli hutumia akiba hiyo, na ubongo pia, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zake. Kichwa kikigongwa vibaya, nguvu hiyo hupungua, na chembe za ubongo hufa. Ndiyo maana watafiti waliwalisha panya kreatini kabla ya kuwaumiza kichwani, na madhara yakawa madogo zaidi. Ugiriki walijaribu kwa watoto 39 walioumia kichwani, matokeo yakatia moyo, ingawa watoto 39 ni wachache mno kutoa uamuzi.

Kwa ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, wagonjwa 1,741 wa Marekani na Kanada walijaribiwa, baadhi wakipewa kreatini na wengine dawa bandia. Mwaka 2013 jaribio lilisimamishwa kwa kuwa halikuonyesha faida. Anayekuuzia kopo kwa ajili ya mzazi wako anayetetemeka hana ushahidi. Wanaosaidika waziwazi ni watoto wachache wanaozaliwa miili yao ikishindwa kutengeneza kreatini, hasa wakianza kupewa mapema.

Chevreul hakuyaona hayo. Mwaka 1886 Ufaransa ilisherehekea miaka yake 100, naye bado akijiita mwanafunzi. Aliushuhudia Mnara wa Eiffel ukipanda juu ya Paris, na jina lake limo kati ya majina 72 ya wanasayansi yaliyoandikwa juu yake. Alifariki tarehe 9 Aprili 1889.