Frederick Law Olmsted: Aliyeutengenezea Mji Bustani na Walinzi Wake

Mtu akiutazama mji wa New York kutoka angani, katikati ya kisiwa cha Manhattan huona mstatili mkubwa wa kijani, umezungukwa na majumba marefu pande zote. Hiyo ndiyo Central Park, bustani ya umma yenye ekari 843, urefu wake maili mbili na nusu na upana wake nusu maili. Wageni wengi hudhani kuwa ni sehemu ya msitu wa kale uliosalia mji ulipokua. Sivyo hata kidogo. Maziwa yake yalichimbwa kwa mikono ya watu, miti yake ilipandwa, na miamba yake mingi ilipasuliwa kwa baruti. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, na hasa ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, maisha ya mmoja wa watu wawili walioibuni bustani hiyo, Bwana Frederick Law Olmsted. Kazi yake haikuwa ya maua peke yake, kwani alipata pia kuunda kikosi cha walinzi na kuwahudumia wanajeshi vitani.

Olmsted alizaliwa tarehe 26 Aprili, 1822, katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nguo, na mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Utomvu wa mti wenye sumu ulimdhuru macho katika ujana wake, akashindwa kuingia chuo kikuu kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1843 aliajiriwa baharia katika meli iendayo Uchina, akarejea amedhoofika kwa maradhi. Baadaye akageukia ukulima, na kwa msaada wa baba yake akapata shamba katika kisiwa cha Staten Island, karibu na New York.

Mwaka 1850 alikwenda Uingereza pamoja na ndugu yake na rafiki yao, wakatembea kwa miguu vijijini na mijini. Huko Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, aliikuta bustani iliyofunguliwa mwaka 1847 na kutengenezwa na Joseph Paxton. Kilichomshangaza zaidi ya maua ni watu waliokuwamo: maskini na tajiri waliitumia kwa haki moja. Aliona kuwa nchi yake, iliyojivunia utawala wa watu, haikuwa na bustani ya watu mfano wa ile.

Kati ya mwaka 1852 na 1854 alitumwa na gazeti moja la New York kuzizuru nchi za Kusini mwa Marekani, kulikokuwa na utumwa. Alipita mashambani, akalala katika nyumba za watu, akahesabu gharama na mavuno, na kuandika aliyoyaona. Alihitimisha kuwa utumwa ulimdhulumu mtumwa, ukamharibu bwana wake, na kuiacha nchi nzima nyuma. Maandishi hayo yalitolewa kuwa vitabu, na watu wengi wakavisoma kabla ya vita.

Mwezi wa Septemba, 1857, Olmsted aliteuliwa msimamizi wa kazi katika uwanja uliotengwa kwa bustani mpya. Ulikuwa mwaka wa misukosuko mjini New York. Mwezi wa Juni vikosi viwili vya polisi, kimoja cha meya na kingine cha serikali ya jimbo, vilipigana hadharani mbele ya ofisi kuu ya mji kwa kugombea mamlaka, hata jeshi likaitwa kuwaamua. Kisha biashara ikaanguka, na maelfu ya watu wasio na kazi wakaandamana kudai ajira. Olmsted aliyakuta makundi hayo yakimngoja, akawaandika kazi kwa utaratibu na kuwagawa katika vikundi vyenye wasimamizi. Baada ya muda si mrefu alikuwa akiwaongoza vibarua zaidi ya 3,000.

Hapa hapana budi kusema jambo ambalo aghalabu huachwa. Uwanja ule haukuwa mtupu. Upande wa magharibi, kati ya barabara za 82 na 89, palikuwa na kijiji kilichoitwa Seneca Village, kilichoanza mwaka 1825. Mwaka 1855 kilikuwa na watu wapatao 225, wengi wao Wamarekani Weusi, na wengine wahamiaji kutoka Ireland. Walikuwa na makanisa matatu, shule na makaburi yao. Baadhi yao walimiliki viwanja kwa hati, na hilo halikuwa jambo dogo, kwani katika jimbo la New York mtu mweusi hakuruhusiwa kupiga kura ila awe na mali ya thamani ya dola 250. Magazeti yaliwatukana kuwa ni wavamizi. Hata ilipofika mwishoni mwa mwaka 1857 wote walikuwa wameondolewa, pamoja na wakazi wengine wa uwanja ule, jumla yao watu wapatao 1,600. Wenye hati walilipwa fidia, na wengi walilalamika kuwa haikutosha.

Uamuzi wa kuwahamisha haukuwa wake Olmsted, kwani ulipitishwa kabla hajaajiriwa. Lakini bustani iliyompa sifa, yeye aliyeandika juu ya ubaya wa utumwa, ilijengwa juu ya nyumba za raia weusi waliokuwa huru. Mwaka 2001 liliwekwa bango la kukikumbuka kijiji hicho, na mwaka 2011 wachimbuaji wa mambo ya kale walifukua misingi ya nyumba, birika la chuma na kiatu cha mtoto.

Michoro 33 iliingizwa katika mashindano ya kuibuni bustani. Olmsted alishirikiana na Calvert Vaux, mchoraji wa majengo mzaliwa wa London, na mwezi wa Aprili, 1858, mchoro wao ukapata ushindi. Ubora wake mmoja ulikuwa barabara nne zinazoikata bustani kutoka mashariki hadi magharibi, zikiwa zimezamishwa chini ya usawa wa ardhi. Magari ya mizigo yalipita humo usiku na mchana, na waliokuwa wakistarehe juu hawakuyaona. Njia za wapanda farasi, za magari na za waendao kwa miguu zilitenganishwa kwa madaraja, ili mtu asimzuie mwenziwe.

Ndipo likaja suala la ulinzi. Watu wengi wa mji walikuwa na hofu kuwa wahuni wangeiharibu bustani mara itakapofunguliwa. Olmsted aliunda kikosi maalumu cha walinzi wenye sare na uwezo wa kukamata wahalifu. Lakini aliwafundisha kuwa wageni wengi hawajapata kuona bustani kama hii maishani mwao, na kwamba mengi watakayokosea watayakosea kwa kutojua. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mlinzi ilikuwa kuelekeza kwa adabu. Alitakiwa awe nadhifu, asikae kupiga soga zamuni, na amjibu kila aulizaye kwa heshima, bila kujali mavazi yake. Mwaka 1865 bustani ilitembelewa zaidi ya mara milioni 7, na maangamizi yaliyotabiriwa hayakutokea.

Mwaka 1860 gari la farasi lilimpindukia Olmsted, akavunjika paja na kubaki akichechemea maisha yake yote. Siku chache baadaye akafiwa na mwanawe mchanga. Hata hivyo alibebwa kitini kwenda kusimamia kazi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, mguu ule haukumruhusu kushika bunduki. Akawa katibu mtendaji wa tume ya raia iliyoshughulikia afya ya wanajeshi wa upande wa Kaskazini. Baada ya jeshi hilo kushindwa vibaya huko Bull Run mwezi wa Julai, watu walitafuta wa kulaumiwa. Tume ilituma wakaguzi kwa vikosi na kuwauliza askari wenyewe. Jibu lilikuwa kwamba wengi waliingia vitani na njaa, kiu na uchovu, chini ya maofisa wasiojua kuwatunza wala kuwatia nidhamu. Tume iliendelea kudai maji safi, vyoo vilivyochimbwa mahali pafaapo, na chakula kilichopikwa vizuri. Kwani katika vita vile, kwa kila askari aliyeuawa kwa silaha, takriban wawili walikufa kwa maradhi. Mwaka 1862 Olmsted mwenyewe alikwenda Virginia kusimamia meli za hospitali zilizowachukua majeruhi na wagonjwa kutoka mito ya huko.

Baada ya vita yeye na Vaux walitengeneza Prospect Park huko Brooklyn, na baadaye akabuni mfululizo wa bustani za Boston na viwanja vya maonyesho ya dunia ya Chicago ya mwaka 1893. Lakini New York haikumwachia amani. Mwaka 1873 alipojaribu kuwarejesha walinzi wa bustani katika nidhamu iliyokuwa imelegea, alipingwa vikali, na mwaka 1878 wanasiasa wa mji wakamwondoa kazini. Alistaafu mwaka 1895, akili zake zikiwa zimeanza kufifia, akafariki tarehe 28 Agosti, 1903, katika hospitali ya McLean, karibu na Boston, mahali ambapo zamani alikuwa ameshauri juu ya mpango wa viwanja vyake.

Sisi tunaoyasoma maisha haya leo twaona mambo mawili yanayowahusu wenye kuvaa sare. Olmsted aliamini kuwa raia huheshimu mahali anapoheshimiwa, na kwa hiyo mlinzi mwenye adabu hulinda zaidi ya mwenye rungu peke yake. Tena aliamini kuwa askari asiyelishwa wala kutunzwa asilaumiwe akishindwa, kabla hawajaulizwa wakubwa wake. Nao watu wa Seneca Village wasisahauliwe. Askari anapotumwa kusafisha uwanja kwa ajili ya manufaa ya wote, akumbuke kuwa wanaohamishwa nao wamo katika hao wote, na awatendee hivyo.