Wilder Penfield, daktari aliyechora ramani ya ubongo

Katika soko la Rumonge, muuza mawese huhesabu faranga kwa Kirundi na papo hapo akapatana bei kwa Kiswahili na mteja aliyetoka Kigoma au aliyevuka ziwa kutoka Baraka. Ulimi, hesabu na mikono ndiyo mtaji wake. Vyote huongozwa na ubongo. Uvimbe ukiota humo, daktari anayeutoa lazima ajue asiguse wapi. Miongoni mwa waliofungua njia hiyo ni Dk. Wilder Penfield.

Alizaliwa Januari 26, 1891 huko Spokane, Marekani, akiwa mtoto wa daktari. Alisoma Princeton, kisha Oxford, Uingereza, alikofundishwa na Charles Sherrington, bingwa wa mishipa ya fahamu. Machi 1916, wakati wa vita, meli ya Sussex aliyopanda kwenda Ufaransa ilipigwa kombora. Alijeruhiwa, akapona, na mwaka 1918 akahitimu udaktari Johns Hopkins.

Mwaka 1928 alikwenda Ujerumani kujifunza kwa Otfrid Foerster, aliyewapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho. Kisha akahamia Montreal, Kanada. Desemba mwaka huo, dada yake Ruth, mama wa watoto sita aliyesumbuliwa na kifafa tangu ujana, alikutwa na uvimbe mkubwa mbele ya ubongo, upande wa kulia. Penfield alimpasua mwenyewe, lakini hakuweza kuumaliza uvimbe wote.

Ruth alirudi nyumbani, akaongea na kutembea vizuri. Lakini siku moja alipoandaa chakula cha jioni cha mgeni mmoja na watu wanne wa nyumbani, saa ya kula ilikaribia vitu vyote vikiwa jikoni, vingine motoni, nyama haijaanza kupikwa, naye amechanganyikiwa. Kila kazi peke yake aliiweza. Kuzipanga ndiko kulikomshinda. Uvimbe ulirudi, naye akafariki mwaka 1931.

Msiba huo ulimsukuma Penfield kuanzisha Taasisi ya Mishipa ya Fahamu ya Montreal, iliyofunguliwa mwaka 1934 kwa msaada wa mfuko wa Rockefeller. Kwa kuwa ubongo wenyewe hausikii maumivu, wagonjwa walitiwa ganzi ya kichwani tu. Penfield aligusa ubongo kwa umeme hafifu. Kidole kikitikisika, aliweka hapo kikaratasi chenye namba. Mgonjwa akikwama kutaja kitu alichoonyeshwa, aliweka kingine. Mwaka 1937, yeye na Edwin Boldrey walionyesha kwamba mkono na mdomo huchukua nafasi kubwa ubongoni kuliko kiwiliwili.

Alistaafu mwaka 1960, akafariki Montreal Aprili 5, 1976, akiwa na miaka 85.

Mwaka 1990, Mjapani Seiji Ogawa alionyesha njia ya kuuona ubongo ukifanya kazi bila kufungua fuvu. Mgonjwa hulala ndani ya mashine ya MRI, akaambiwa achezeshe vidole au atafute maneno kimoyomoyo. Sehemu inayofanya kazi huvuta damu yenye oksijeni, na mashine huiona. Anayesema lugha mbili anaweza kupimwa kwa kila moja. Hata hivyo, uvimbe huweza kuvuruga mwendo wa damu na kuipotosha picha, hivyo madaktari bado huhakikisha kwa umeme wakati wa upasuaji.

Mwambao wa Tanganyika, wengi bado hudhani kifafa ni mashetani au uchawi. Mtu mzima akianguka kifafa kwa mara ya kwanza, apelekwe hospitali. Akiambiwa apige picha ya kichwa, asiahirishe safari. Huenda ni tegu wa nguruwe aliyeingia ubongoni, huenda ni uvimbe. Ruth aliishi na kifafa miaka mingi kabla uvimbe wake haujajulikana, na ulipojulikana ulikuwa umeshakuwa mkubwa mno.