John Quincy Adams: Mwana wa Rais Aliyerudi Bungeni

Anayeipitia orodha ya marais wa Marekani hakosi kutambua kwamba baadhi ya majina ya ukoo yanajirudia. Wapo akina Adams wawili, akina Harrison wawili, akina Johnson wawili, akina Roosevelt wawili na akina Bush wawili. Si kila mara jina moja huashiria damu moja. Akina Johnson, kwa mfano, hawakuwa na udugu wowote. Jina lao ni la kawaida mno nchini humo. Akina Harrison walikuwa babu na mjukuu. Akina Adams ndio waliotangulia kuwa rais baba na rais mwana, na ilibidi Wamarekani wangoje hadi mwaka 2001 kabla ya kuliona jambo hilo tena.

Makala haya yanamhusu yule mwana, John Quincy Adams. Hatukumchagua kwa ajili ya urais wake, ambao ulikuwa wa miaka minne yenye mafanikio haba. Tumemchagua kwa sababu mbili ambazo msomaji wa jarida hili atazithamini. Kwanza, alikuwa mwalimu wa balagha chuoni kabla ya kuwa rais. Pili, baada ya kuangushwa katika uchaguzi alirudi bungeni akiwa mbunge wa kawaida, na huko ndiko alikoitumia balagha yake kwa jambo lenye uzito.

Alizaliwa Julai 11, 1767, katika mji wa Braintree, Massachusetts. Baba yake, John Adams, alikuwa wakili. Mama yake, Abigail, alikuwa mwanamke msomaji na mwandishi hodari wa barua. Jina la Quincy alilirithi kwa babu wa mama yake, aliyekuwa mahututi siku hizo mtoto alipozaliwa. Binamu wa baba yake, Samuel Adams, alikuwa miongoni mwa wachochezi wakuu wa uasi dhidi ya Waingereza mjini Boston. Kwa hivyo jina la Adams lilikuwa limekwisha kuwa mzigo na mtaji kabla kijana huyu hajajua kusoma. Mnamo Juni 17, 1775, akiwa hajatimiza miaka minane, alisimama na mama yake juu ya kilima karibu na nyumbani, wakautazama kwa mbali moshi wa vita vya Bunker Hill.

Akiwa na umri wa miaka kumi alisafiri na baba yake hadi Ufaransa. Mwaka 1779 alianza kuandika shajara, kazi ambayo aliiendeleza hadi mwisho wa uhai wake. Mwaka 1781, akiwa na miaka 14, alipelekwa St. Petersburg kuwa katibu na mkalimani wa mjumbe wa Marekani, kwani watu wa makasri ya Urusi walizungumza Kifaransa na mjumbe mwenyewe hakukimudu vyema. Hebu msomaji apige picha ya mtoto wa umri wa kidato cha kwanza akiwa ndiye mdomo na sikio la nchi yake ugenini!

Alihitimu Harvard mwaka 1787, akasomea sheria, kisha akatumwa na Rais Washington kuwa mjumbe nchini Uholanzi mwaka 1794. Baadaye alihamia Prussia. Alipokuwa Berlin alijifundisha Kijerumani kwa kutafsiri Oberon, utenzi mrefu wa Wieland, tafsiri ambayo haikuchapishwa hadi mwaka 1940. Mwaka 1797 alikuwa amemwoa Louisa Catherine Johnson huko London, jina la ukoo ambalo tumekwisha kulitaja, ingawa Louisa hakuwa na uhusiano na Johnson yeyote aliyekuwa rais.

Mwaka 1803 aliingia katika Seneti. Mwaka 1806 chuo cha Harvard kilimsimika awe profesa wa kwanza wa Boylston wa balagha na usemaji, naye akawa akifundisha huku angali seneta. Mihadhara yake ilichapishwa katika majuzuu mawili mwaka 1810. Katika mihadhara hiyo aliwarejesha wanafunzi wake kwa Wayunani na Warumi, kwa akina Aristotle, Cicero na Quintilian, akishikilia kwamba ufasaha wa kusema ni nguzo ya taifa huru, kwa kuwa katika taifa la namna hiyo watu hushawishiwa badala ya kuamrishwa. Ni rahisi kwa profesa kutamka hayo darasani. Yeye alitahiniwa mapema: mwaka 1807 aliunga mkono marufuku ya Rais Jefferson ya biashara na nchi za nje, kinyume na msimamo wa chama chake cha Wafederali na cha wafanyabiashara wa jimbo lake. Mwaka uliofuata chama kilimchagua mtu mwingine kabla ya muhula wake kwisha, naye akajiuzulu useneta.

Miaka iliyofuata tuipite kwa haraka. Alikuwa mjumbe nchini Urusi, akaongoza ujumbe uliotia saini mkataba wa amani na Uingereza mjini Ghent mnamo Desemba 24, 1814, akawa mjumbe London, na kuanzia 1817 hadi 1825 akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa Rais Monroe. Mwaka 1819 alikamilisha mkataba na Uhispania ulioipa Marekani eneo la Florida. Tuukumbuke mkataba huo, kwani utarudi kumsuta. Tukumbuke pia kwamba katika nyadhifa hizo aliidai Uingereza fidia kwa niaba ya wenye watumwa ambao watumwa wao walikuwa wamechukuliwa na jeshi la Kiingereza wakati wa vita. Alidai kwa bidii, kana kwamba anadai fidia ya ng'ombe. Shajara yake ya mwaka 1820 inaonyesha kwamba aliuona utumwa kuwa doa kubwa katika nchi yake. Lakini hayo yalibaki shajarani, na hadharani akanyamaza.

Uchaguzi wa mwaka 1824 ulikuwa na wagombea wanne. Andrew Jackson alipata kura 99 za wajumbe wateule, Adams 84, William Crawford 41 na Henry Clay 37. Kwa kuwa hakuna aliyepata wingi uliohitajika, uamuzi ulikwenda kwa Bunge la Wawakilishi, na mnamo Februari 9, 1825, Adams akashinda kwa kura za majimbo 13 kati ya 24. Clay alikuwa amemuunga mkono. Muda mfupi baadaye Clay akateuliwa kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Wafuasi wa Jackson walilia kwamba urais umeuzwa na kununuliwa, na kelele hizo hazikukoma kwa miaka minne. Adams alitaka kujenga barabara, mifereji, chuo kikuu cha taifa na kituo cha kuchunguza nyota. Bunge lilimpa machache tu kati ya hayo. Mwaka 1828 Jackson alimshinda kwa kura 178 dhidi ya 83. Baba yake naye alikuwa ameshindwa baada ya muhula mmoja. Mwaka 1829 mwana wake mkubwa, George Washington Adams, alikufa baharini baada ya kuanguka kutoka kwenye meli. Hapo ndipo wengi wangedhani hadithi imekwisha.

Mwaka 1830 watu wa eneo la Plymouth walimchagua awe mbunge wao. Jamaa zake waliona ni kushuka hadhi, rais mzima kurudi kuketi kwenye benchi na wabunge wachanga. Yeye alifurahi kuliko alivyofurahia urais. Akakaa bungeni kuanzia Desemba 1831 hadi kufa kwake.

Miaka hiyo wapinga utumwa walikuwa wakituma bungeni maelfu ya maombi yaliyotiwa saini na wananchi, mengi yakiwa ya wanawake, wakitaka utumwa ukomeshwe katika mji mkuu. Wabunge wa Kusini walikereka. Mnamo Mei 26, 1836, Bunge lilipitisha kwa kura 117 dhidi ya 68 azimio kwamba maombi yote yanayohusu utumwa yawekwe kando bila kusomwa wala kujadiliwa. Azimio hilo liliitwa kwa kejeli kanuni ya kuziba vinywa, na mwaka 1840 likafanywa kanuni ya kudumu.

Isidhaniwe kwamba watu wa Kaskazini walikuwa na mikono safi. Pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, jimbo la Adams mwenyewe, na sehemu ya kitambaa hicho ilivuka bahari hadi Unguja, kikapata jina ambalo sisi wasomi wa Kiswahili tunalijua vyema: merikani.

Mbinu ya Adams ilikuwa kuuliza maswali. Mnamo Februari 6, 1837, alisimama akamuuliza spika, James Polk, jinsi atakavyoamua kuhusu ombi alilo nalo, linalodaiwa kutoka kwa watumwa 22. Bunge likachacha. Kuna waliotaka afukuzwe, kuna waliotaka akaripiwe. Aliwaacha wachemke, kisha akawaarifu kwamba hawakuuliza ombi lenyewe linasema nini: lilipinga kukomeshwa kwa utumwa. Wanafunzi wa kejeli katika fasihi watakubali kwamba huu ni mfano wa kufundishia. Hata hivyo, Bunge liliamua kwa kura nyingi kwamba mtumwa hana haki ya kuwasilisha ombi. Mwaka 1838 Adams aliitetea kwa siku nyingi haki ya wanawake kufanya hivyo. Barua za kumtishia maisha zilimfikia, aliendelea.

Mwaka 1842 aliwasilisha ombi la wakazi 46 wa mji wa Haverhill waliotaka muungano wa Marekani uvunjwe. Yeye mwenyewe hakuliafiki, na alipendekeza lipelekwe kwa kamati itakayoeleza kwa nini likataliwe. Wapinzani wake wakaona wamemnasa, wakaleta hoja ya kumkaripia. Alianza utetezi wake kwa kumwagiza karani asome sehemu ya mwanzo ya Azimio la Uhuru, ile hati ambayo baba yake alishiriki kuiandaa. Kwa takriban majuma mawili aliwashambulia mmoja baada ya mwingine, hadi mnamo Februari 7 hoja hiyo ikawekwa kando kwa kura 106 dhidi ya 93. Mnamo Desemba 3, 1844, kanuni ya kuziba vinywa ilifutwa kwa kura 108 dhidi ya 80.

Katikati ya mapambano hayo ilizuka kesi ya Amistad, na hapa sisi wanaisimu tunapaswa kutega sikio. Mwaka 1839 Waafrika waliotekwa Sierra Leone walifikishwa Havana, wakauzwa kwa Wahispania wawili, José Ruiz na Pedro Montes, wakapakiwa katika jahazi la Amistad, watu wazima 49 na watoto wanne. Sheria ya Uhispania ilikuwa imekwisha kupiga marufuku kuleta watumwa wapya kutoka Afrika. Kwa hivyo katika hati za safari Waafrika hao waliandikiwa majina ya Kihispania na kuitwa ladinos, yaani watumwa waliokwisha kukaa Kuba kwa muda mrefu. Wakiongozwa na Sengbe Pieh waliasi na kuiteka jahazi. Montes, aliyelazimishwa kuiongoza kuelekea Afrika, aliipinda njia usiku usiku hadi ikakamatwa karibu na New York. Wakatiwa gerezani New Haven.

Hakuna aliyejua lugha yao. Josiah Gibbs, mtaalamu wa lugha wa chuo cha Yale, aliwatembelea gerezani, akawaonyesha vidole na kujifunza kuhesabu hadi kumi kwa lugha yao. Kisha akaenda bandarini New York, akawa anapita kati ya mabaharia akihesabu kwa sauti, hadi akampata kijana aliyeelewa, James Covey, baharia mwenye asili ya Wamende. Kwa maneno kumi tu mashahidi walipata sauti! Mnamo Januari 1840 jaji wa wilaya aliamua kwamba walizaliwa huru. Serikali ya Rais Van Buren ikakata rufani.

Roger Baldwin, wakili wao, alihitaji msaada, na Adams akaombwa. Alikuwa na miaka 73, haoni vizuri, na hakuwa amesimama mbele ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Alisema mnamo Februari 24 na Machi 1, 1841, kwa jumla ya saa nane hivi. Mkataba ambao Uhispania iliutegemea ulikuwa wa mwaka 1795, ulioendelezwa na ule wa 1819 alioufanya yeye mwenyewe. Ikambidi aonyeshe kwamba binadamu si bidhaa iliyotajwa humo. Alilalamikia pia tafsiri: katika hati zilizochapishwa na Bunge, neno ladinos lilikuwa limefasiriwa kana kwamba lina maana ya Weusi wenye afya njema, na hivyo uongo mzima wa Havana ukafichika ndani ya neno moja. Hukumu ilitolewa Machi 9 na Jaji Joseph Story: wawe huru. Kwa haki, hukumu hiyo ilishikamana zaidi na hoja za kisheria za Baldwin kuliko hotuba ya Adams. Manusura 35 walirejea Sierra Leone mnamo Januari 1842 kwa michango ya watu, bila senti ya serikali.

Wapinga utumwa wa siku zake walimlaumu kwa kutojiunga nao, na lawama hizo zina msingi. Hata alipokuwa akiwasilisha maombi yao alikiri kwamba hakuunga mkono kila walilolitaka. Alichokitetea kwanza kilikuwa haki ya kusikizwa. Chuki yake ya wazi dhidi ya utumwa wenyewe ilikua katika ubishi huo, akiwa tayari mzee. Vilevile aliandika mashairi mengi, likiwemo shairi refu la mwaka 1832 kuhusu kutekwa kwa Ireland, ambayo ni wachache wanaoyasoma leo. Nathari ya shajara yake ndiyo iliyomwishia vizuri.

Mnamo Februari 21, 1848, Bunge lilipigia kura hoja ya kuwaenzi majenerali wa vita vya Mexico, vita alivyovipinga. Alipaza sauti kusema la. Muda mfupi baadaye alijaribu kusimama, akaanguka mezani pake. Walimbeba hadi chumba cha spika, akafia humo siku ya 23. Mmoja wa wabunge waliokuwamo ukumbini muhula huo alikuwa Abraham Lincoln wa Illinois, aliyekuwa katika kipindi chake cha pekee bungeni. Mwana wa Adams, Charles Francis, baadaye alikuwa mjumbe wa Lincoln jijini London, kisha akahariri sehemu ya shajara za baba yake katika majuzuu 12 yaliyochapishwa kati ya 1874 na 1877. Shajara zenyewe, majuzuu 51 kwa mkono wake mwenyewe, zimehifadhiwa mjini Boston.