Mary Ann Shadd Cary: mkimbizi aliyerudi, akasoma sheria miaka 14



Kwenye mkutano uliopita mama mmoja wa chama chetu, mwenye miaka 43, alisimama akasema anataka kuingia fakulte ya sheria. Watu walicheka. Diploma yake ya Leta ina asilimia 52, na karatasi zake za pointi za kule kambini Tanzania haziko sawa: mwaka mmoja mzuri, mwaka wa pili mbovu, mwaka mwingine hakuna kitu. Sisi tunaoandika ukurasa huu tulicheka pia, tukarudi nyumbani na haya. Ndiyo maana safari hii tunaleta maisha ya mama huyu wa zamani.

Mary Ann Shadd alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1823 huko Wilmington, katika jimbo la Delaware, Marekani. Wazazi wake walikuwa weusi huru, si watumwa. Baba yake alishona viatu, na kwa siri alisaidia watumwa waliotoroka kwenda kaskazini. Mary Ann alikuwa mkubwa kati ya watoto 13. Sababu ya shule, familia ilihama kwenda West Chester, Pennsylvania, na akiwa kijana tu akaanza kufundisha.

Mwaka 1850 ikatoka sheria ya kukamata watumwa waliotoroka, hata wale waliofika majimbo yasiyo na utumwa. Mtu huru naye hakuwa na usalama, kwani angeweza kushikwa na kuitwa mtumwa. Wengi walivuka mpaka kuingia Canada. Mary Ann alivuka mwaka 1851, akafika Windsor, akafungua shule ya watoto wa wakimbizi.

Hapo tunataka kukaa kidogo, maana mambo tunayajua. Alitaka shule iwe wazi kwa wote, si ya weusi peke yao, na akagombana na viongozi wengine wa wakimbizi, hasa Henry Bibb. Pia alipinga watu waliozunguka kuomba nguo na pesa kwa jina la wakimbizi. Kwake, wakimbizi wangeweza kujilisha kwa jasho lao, na huko kuomba-omba kuliwashusha. Sisi tunaokula mshahara wa misaada, maneno hayo yanatuchoma, lakini tunayaandika hivyo hivyo. Ugomvi ulimgharimu: mwaka 1853 wamisionari waliokuwa wakimlipa walikata mshahara wake.

Mwaka huohuo akaanzisha gazeti, Provincial Freeman. Mwanzoni lilibeba jina la mwanaume kama mhariri, kwa kuwa watu wasingelikubali gazeti la mwanamke. Mwaka 1856 aliolewa na Thomas Cary, kinyozi wa Toronto. Mwaka 1860 bwana akafa. Gazeti nalo likafa karibu na wakati ule.

Wakati wa vita ya Marekani alivuka tena mpaka, kazi yake kuandikisha wanaume weusi katika jeshi la kaskazini. Vita ilipokwisha hakubaki Canada. Alirudi, akaishia Washington, akafundisha shule.

Mwaka 1869 Chuo Kikuu cha Howard kilifungua shule ya sheria mjini humo. Mary Ann akajiandikisha. Alikuwa na karibu miaka 46, mjane, mchana anafundisha watoto, jioni anakaa na wanafunzi ambao wengine angeweza kuwazaa. Mwaka 1872 Charlotte Ray, binti mdogo sana kwake, alimaliza shule hiyohiyo. Mary Ann bado. Masomo yake yalikatika, lakini yeye hakukaa kimya: mwaka 1874 alisimama mbele ya kamati ya Bunge kudai haki ya wanawake kupiga kura, na mwaka 1880 akaanzisha chama cha wanawake weusi kwa dai lile lile.

Digrii aliipata mwaka 1883, akikaribia miaka 60. Hesabu wenyewe: miaka 14. Alikuwa kati ya wanawake weusi wa kwanza kabisa Marekani kupata digrii ya sheria. Alifariki Washington tarehe 5 Juni 1893.

Sasa turudi kwa mama yetu. Tulimuuliza juu ya nini sheria, wakati angeweza kufanya biashara. Alijibu kwamba aliporudi alikuta shamba la marehemu baba yake limeuzwa mara mbili, na kwenye kila ofisi aliyoingia alipewa karatasi asiyoielewa. Hakuna aliyecheka tena.

Dosye yake iko kwa katibu. Inakosa karatasi ya pointi ya mwaka wa tano wa sekondari. Kama kuna mwalimu kati yenu aliyefundisha naye kule kambini, au anayejua madaftari ya shule yalipelekwa wapi, afike kwa katibu kabla ya mkutano ujao. Kwa minervali ya mwaka wa kwanza, kasha la chama litajadiliwa siku hiyohiyo.