Sidi Mubarak Bombay: Mtangulizi Asiyetajwa

Si zamani sana niliandamana na wanafunzi wangu wa Historia hadi Thimlich Ohinga, yale maboma ya mawe yaliyo umbali wa kilomita 46 hivi kutoka mji wa Migori. Aliyetupokea langoni alikuwa kijana wa maeneo hayo hayo. Alitutembeza kwa muda mrefu, akatuonyesha jinsi mawe yalivyopangwa bila saruji wala udongo wa kuyashikanisha, na jinsi milango ilivyofanywa myembamba ili adui asiingie ila kwa kujibana. Akatueleza pia kwamba mnamo 2018 maboma hayo yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Wanafunzi waliandika kila neno. Tulipoondoka, nilipitia madaftari yao nikakuta vimo vya kuta, karne na majina ya koo. Jina la kijana aliyetueleza yote hayo halikuwamo katika daftari hata moja. Langu pia halikuwa nalo.

Jioni tulifika Homa Bay, tukasimama ufuoni mwa Ghuba ya Winam. Hapo msichana mmoja akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Kitabu kinasema kwamba Speke ndiye aliyeligundua ziwa hili, naye alikuwa mgeni asiyejua njia wala lugha. Je, ni nani aliyemleta? Nilijibu kwa kifupi na kwa haraka, kama tufanyavyo walimu tunapobanwa. Jawabu kamili ninalitoa leo kupitia safu hii, kwa kuwa nina yakini kwamba si mimi peke yangu niliyewahi kulipita swali hilo.

Aliyemleta, msomaji mpendwa, alijulikana kwa jina la Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, pande za mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji. Jina alilopewa na wazazi wake halimo katika vitabu vya wale aliowaongoza. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, wafanyabiashara wa pwani wenye bunduki walikizingira kijiji chao wakidai madeni ya nguo na ushanga. Wanakijiji, ambao hawakuwa na silaha za kukabili baruti, walitawanyika, wengi walikamatwa. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki, na habari za baba yake hakuzisikia tena. Alipelekwa Kilwa, akauzwa kwa nguo, akavushwa hadi Unguja na kutoka huko akachukuliwa na tajiri wa Kihindi hadi Bara Hindi. Ndiko alikopata jina la mji wa Bombay, na ndiko alikojifunza Kihindustani. Bwana wake alipofariki aliachwa huru, naye akarejea Unguja na kujiunga na jeshi la Sultani.

Hivyo basi, mtu huyu alikuwa amekwisha kuvuka bahari mara mbili kabla hajakutana na Mzungu yeyote wa kumwita msafiri. Tunapofundisha habari za uvumbuzi wa bara letu, aghalabu tunaanza na meli inayotoka Uingereza. Tungeweza kuanza na mtoto anayetembezwa kwa miguu kuelekea Kilwa.

Mapema mwaka 1857, Richard Burton na John Hanning Speke walipita katika ngome ya Chogwe, karibu na mto Pangani, wakamkuta huko akiwa askari. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili, lakini alikuwa amehudumu katika jeshi la Uingereza huko Bara Hindi na alizungumza Kihindustani kiasi. Bombay naye alikizungumza kiasi. Kwa lugha hiyo ya kuchechemea, ambayo haikuwa ya mmoja wao, ndipo ulipoanza uhusiano uliobadilisha ramani ya Afrika.

Mwaka huo huo msafara uliondoka pwani, ukafika Tabora mwezi Novemba, na Februari 1858 ukafika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Burton aliugua. Waliporudi Tabora, yeye alibaki na Speke akaelekea kaskazini pamoja na Bombay na kundi dogo la watu. Safari hiyo haikuchukua hata mwezi mmoja. Tarehe 3 Agosti 1858, karibu na Mwanza ya leo, walisimama juu ya kilima wakayatazama maji ambayo Wajaluo huyaita Nam Lolwe na Waganda huyaita Nalubaale. Speke akayaita kwa jina la malkia wake.

Na hapa pana jambo ambalo ningependa walimu wenzangu walitilie maanani. Speke aliporudi na kudai kwamba ziwa hilo ndilo chimbuko la Nile, Burton alimpinga, na mojawapo ya hoja zake ilihusu Bombay. Speke aliuliza maswali kwa Kihindustani kibovu. Bombay akayatia katika Kiswahili. Mwingine akayageuza kuwa Kinyamwezi. Kisha majibu yakarudi kwa njia ile ile. Burton alishikilia kwamba habari zilizopita katika vinywa vingi namna hiyo haziaminiki. Wataalamu wa London waligawanyika kwa miaka kadhaa kuhusu jambo hilo. Kwa maneno mengine, elimu yote ya jiografia waliyokuwa wakiigombania ilitegemea sikio na ulimi wa mtu mmoja ambaye hakualikwa katika ukumbi wowote kuulizwa alisikia nini. Safari za baadaye zilionyesha kwamba kuhusu ziwa na mto, Speke alikuwa na haki. Basi mkalimani wake naye alikuwa na haki.

Katika misafara ya siku hizo palikuwa na kirongozi, aliyetangulia mbele na bendera nyekundu ya Sultani, na palikuwa na mnyapara, aliyesimamia watu. Bombay alianza kama mbeba bunduki, akawa mkalimani na mtunza bidhaa, na hatimaye mkuu wa askari na wapagazi. Mtu akidhani kwamba kazi hiyo ni kubeba mizigo na kuonyesha njia kwa kidole, na afikirie siku moja tu ya mnyapara. Alfajiri huhesabu mizigo, kila mmoja wa kilo thelathini hivi, na kuamua nani abebe nini. Hugawa posho, kibaba cha nafaka kwa kila mtu, akijua kwamba akikosea hesabu usiku watatoroka watu. Hupatana na jumbe wa kila nchi juu ya hongo: merikani mikono mingapi, kaniki ngapi, ushanga wa rangi gani, maana ushanga uliopendwa hapa hukataliwa safari ya siku tatu mbele. Huuliza habari za maji na za vita. Husuluhisha ugomvi. Usiku, tajiri wa msafara akiandika shajara yake hemani, mnyapara yuko nje akisikiliza ni nani anayenong’ona juu ya kutoroka.

Kati ya 1860 na 1863 alifuatana tena na Speke, safari hii pamoja na James Grant, kupitia Karagwe hadi ikulu ya Kabaka Mutesa. Huko maneno ya Speke yalipitia kwa Bombay kuwa Kiswahili, na kutoka kwa mkalimani mwingine yakawa Kiganda, ndipo yakamfikia Kabaka. Tarehe 28 Julai 1862 Speke aliyaona maporomoko ambapo mto hutoka ziwani. Msafara ukateremka hadi Gondokoro na Cairo, na Bombay na wenzake wachache waliovumilia hadi mwisho wakarudishwa Unguja kwa meli. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimtunukia nishani ya fedha.

Lakini safari hiyo hiyo ilikuwa na aibu yake. Siku moja Bombay alikataa amri aliyoiona haifai, naye Speke akampiga ngumi mbele ya watu aliokuwa akiwasimamia. Speke mwenyewe ameliandika tukio hilo kitabuni mwake. Stanley, aliyemwajiri mwaka 1871 kuwa mkuu wa askari kwa dola 80 kwa mwaka, alisimulia kuhusu pengo la meno lililotokana na kipigo cha Speke, kisha naye akamchapa kwa fimbo. Hata hivyo Novemba mwaka huo Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, na habari hiyo ikaenea duniani kote. Sisemi kwamba Bombay alikuwa malaika. Waajiri wake walilalamika kwamba alipenda pombe na kwamba alikuwa na kiburi. Nami najiuliza kama mtu aliyeuzwa kwa nguo, akajiinua kwa maarifa yake, angewezaje kuishi bila kiburi kidogo.

Safari yake kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya Verney Lovett Cameron. Waliondoka Bagamoyo Machi 1873 wakitaka kumsaidia Livingstone. Oktoba, wakiwa Tabora, akina Chuma na Susi waliwasili na mwili wa Livingstone, aliyefariki mwezi Mei. Nchi nzima ya Unyanyembe haijapata kuwa na viongozi wa safari wa namna hiyo katika kambi moja. Cameron aliamua kuendelea. Novemba 1875 walitokea pwani ya Atlantiki, karibu na Benguela. Cameron aliandikwa kuwa Mzungu wa kwanza kuivuka Afrika ya kati kutoka mashariki hadi magharibi. Bombay alivuka pamoja naye, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano hivi.

Kwa bahati mbaya, ndio mwaka ambao Stanley alilizunguka ziwa letu kwa mashua, kati ya Machi na Mei 1875, akipita pwani hizi zetu za kusini mwa Nyanza. Bombay wakati huo alikuwa magharibi ya Ziwa Tanganyika. Mtu aliyetangulia kumwongoza Mzungu hadi kwenye maji haya hakupata kuuona upande wetu wa maji hayo.

Mwaka 1876 alipewa pensheni ya pauni 15 kwa mwaka, akaistarehea Unguja kwa miaka tisa hivi hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1885. Kwa hesabu ya wanahistoria alikuwa ametembea zaidi ya kilomita 9,000, nyingi kwa miguu. Speke ana mnara wa jiwe katika bustani za Kensington mjini London.

Ninayaandika haya kwa sababu nyingine iliyo karibu zaidi. Kila mwaka wanafunzi wa Migori na Homa Bay hunijia wakitaka ushauri wa kazi, na baadhi yao husema kwa haya kwamba wangependa kuongoza watalii: katika mbuga ya Ruma wakawaonyeshe korongo, ambao hawapatikani porini kwingineko nchini Kenya, au visiwani Rusinga na Mfangano, au hata katika nchi za mbali. Husema kwa haya kwa kuwa wazazi, na walimu pia, huichukulia kazi hiyo kuwa kimbilio la aliyeshindwa mtihani. Ilhali chama cha waongoza safari wa Kenya kimekuwa kikiwatahini wanachama wake tangu miaka ya tisini kwa ngazi tatu, shaba, fedha na dhahabu, na anayetaka kupanda hadi juu hana budi kujua wanyama, ndege, mimea, historia na namna ya kukaa na watu. Sijui ni somo gani la shuleni lisilohitajika hapo.

Juma lililofuata nilimwita msichana yule, nikamsimulia Bombay kuanzia Kilwa hadi Benguela. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama nilikuwa na namba ya simu ya kijana wa Thimlich Ohinga, kwani alitaka kuandika jina lake daftarini. Sikuwa nayo. Muhula ujao tutarudi tukamwulize.