Edward Saidi Tingatinga: Miaka minne ya uchoraji iliyozaa mkondo wa sanaa

Katika Kiswahili cha leo neno tingatinga lina maana mbili zinazofahamika na wengi: mtambo mzito unaosawazisha ardhi barabara inapojengwa, na picha ya rangi za kung'aa yenye chui, twiga au ndege, inayouzwa katika maduka ya sanaa ya Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar. Maana ya tatu, ambayo ndiyo chimbuko la hiyo ya pili, husahaulika. Tingatinga lilikuwa jina la mtu. Mtu huyo aliishi miaka ipatayo 40, akachora kwa takriban miaka minne, na akafariki dunia kabla hajajua kwamba jina lake lingetumika kutaja kazi za mamia ya wachoraji waliomfuata.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika Wilaya ya Tunduru, kusini mwa nchi, katika familia ya wakulima. Baba yake alikuwa Mwislamu na mama yake Mkristo, na majina yake mawili ya kwanza yanabeba urithi wa pande zote mbili. Elimu yake iliishia katika madarasa ya awali ya shule ya msingi. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati huo, katika miaka ya 1950 aliondoka nyumbani kwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, ambayo yalitegemea nguvu za manamba waliotoka mikoa ya mbali. Kutoka Tanga alihamia Dar es Salaam, ambako alipata kazi za nyumbani kwa mtumishi wa Kiingereza wa serikali ya kikoloni.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 na maofisa wa kikoloni wakaanza kuondoka, ajira za namna hiyo zilipungua. Tingatinga aliishi kwa vibarua na biashara ndogondogo, na alijulikana pia kama mpigaji wa muziki wa ngoma za kusini. Hakuna kitu katika maisha yake ya miaka hiyo kilichoashiria kwamba angekuwa mchoraji.

Ikumbukwe kuwa uchoraji wa kisasa katika Afrika Mashariki ulikuwa tayari na njia yake rasmi. Njia hiyo ilipitia Makerere, Uganda, katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell. Sam Ntiro, mwana wa Kilimanjaro, alisoma huko na baadaye London, akawa mchoraji, mwalimu na Balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza. Wakati huohuo, wachongaji wa Kimakonde waliohamia Dar es Salaam walikuwa wakiugeuza mpingo kuwa sanaa mpya, hasa kwa vinyago vya mtindo wa shetani vinavyohusishwa na Samaki Likankoa. Tingatinga hakuwa na cheti cha Makerere wala patasi ya Mmakonde. Alikuwa na haja ya kujipatia riziki, na alikuwa amewaona wachoraji kutoka Kongo wakiuza picha zao mitaani.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Vifaa vyake vilikuwa vile ambavyo fundi yeyote wa mjini angeweza kuvinunua dukani: vipande vya hadibodi vilivyokatwa mraba, vingi vikiwa na upande wa sentimita zipatazo 60, na rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Uamuzi huo ulitokana na bei, lakini ndio uliojenga mtindo. Rangi ya baiskeli ni nzito na hung'aa ikikauka. Haikubali kuchanganywa polepole juu ya ubao ili kutoa vivuli vya taratibu, kama wafanyavyo wachoraji waliofunzwa kwa rangi za wasanii. Mchoraji hulazimika kupaka eneo zima kwa rangi moja, kusubiri likauke, kisha kuongeza mistari na nukta juu yake.

Picha za Tingatinga mwenyewe zinatofautiana sana na nyingi zinazouzwa leo kwa jina lake. Mara nyingi alimweka mnyama mmoja tu, mkubwa, akiijaza picha kutoka pembe hadi pembe, juu ya usuli wa rangi moja tulivu. Madoa ya chui yalipangwa kwa hesabu ya mapambo, si ya maumbile. Mnyama hana kivuli, hasimami porini wala mlimani. Yupo tu, na jicho lake humtazama anayemtazama. Wapo watafiti wanaouhusisha mtindo huo na michoro iliyokuwa ikipamba kuta za nyumba vijijini kusini. Wengine hutilia mkazo soko la Dar es Salaam na wateja wake. Mazingira yenyewe yanaruhusu majibu yote mawili, kwani hadibodi ni ukuta mdogo unaobebeka.

Wateja walipatikana Oysterbay, karibu na duka la Morogoro Stores, mahali ambapo wageni waliokuja nchini kikazi walikwenda kununua mahitaji yao. Picha zilipangwa nje, chini ya mti. Agatha Mataka, aliyefunga naye ndoa mwaka 1970, alikuwa mshirika wake katika uuzaji. Baadaye kampuni ya umma iliyoshughulikia biashara ya sanaa ilianza kununua kazi zake, na katika kipindi hicho aliajiriwa pia katika Hospitali ya Muhimbili. Alichora baada ya saa za kazi.

Mahitaji yalipoongezeka aliwaita ndugu na jamaa wa kutoka kwao. January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Simon Mpata ni miongoni mwa waliojifunza kwake. Hapakuwa na darasa. Mwanafunzi alikaa karibu, akaona, akapewa sehemu ya kujaza rangi, kisha akapewa ubao wake. Huko Ulaya, mikondo ya sanaa ya karne ya 20 mara nyingi ilitangazwa kwa maandishi: wafuasi wa Futurismo walichapisha tamko lao mwaka 1909, na wale wa Surrealismo mwaka 1924. Tingatinga hakuacha tamko lolote. Aliacha watu waliojua kazi.

Mwaka 1972, usiku, akiwa ndani ya gari jijini Dar es Salaam, Tingatinga alipigwa risasi na polisi waliokuwa wakiwasaka wahalifu na kudhani kwamba yeye ni mmoja wao. Alifariki dunia, akamwacha mjane na watoto wadogo.

Kifo hicho kingeweza kuufuta mtindo wake. Wanafunzi wake waliendelea kuchora palepale Oysterbay, wakaunda ushirika usio rasmi uliobeba jina la mwalimu wao, na mwaka 1990 ukasajiliwa kuwa chama cha ushirika. Simon Mpata alihamia Nairobi, na kazi zake zikapendwa sana nchini Japani. Vizazi vilivyofuata viliongeza mandhari ya Kilimanjaro, makundi ya wanyama, masoko, hospitali na maisha ya mjini, hadi ubao ukajaa pasipo nafasi ya wazi.

Wakosoaji wameiita sanaa hii bidhaa ya watalii. Hoja hiyo ina ukweli wake, kwani Tingatinga alichora ili auze na hakulificha jambo hilo. Lakini kuuza hakuelezi kwa nini chui wake mmoja juu ya usuli mtupu ana uzito ambao chui elfu za baadaye hazina.

Suala gumu zaidi ni la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda msanii dhidi ya kunakiliwa kwa kazi yake, ila mtindo wenyewe hauna mwenyewe kisheria. Ndiyo maana picha zinazoitwa tingatinga huchorwa na yeyote, popote, bila familia ya mwasisi kupata chochote. Kazi halisi za mikono yake ziliondoka nchini mapema pamoja na wageni waliozinunua, nazo za kughushi zimekuwa zikijitokeza sokoni, hali inayomfanya mnunuzi makini ageuze ubao kwanza na kuukagua upande wa nyuma.

Wachoraji wa ushirika bado wanafanya kazi Oysterbay, jirani na mahali ambapo vibao vya kwanza vilipangwa chini ya mti. Wengi wao bado wanatumia rangi ya mafuta ya makopo.