HENRY DUNANT, MFANYABIASHARA ALIYEGEUKIA MAJERUHI

Wengi wetu tumewahi kutibiwa au kufungwa vidonda chini ya alama ya Msalaba Mwekundu. Leo tutazame maisha ya mtu aliyechochea kazi hiyo.

Henry Dunant alizaliwa Geneva, Uswisi, mwaka 1828, katika familia ya Kikristo. Hakuwa daktari, alikuwa mfanyabiashara. Juni 1859 alisafiri hadi Italia ya kaskazini kumtafuta Napoleon wa Tatu, mfalme wa Ufaransa, kwa ajili ya matatizo ya biashara yake huko Aljeria. Akakuta vita vya Solferino vimepiganwa tarehe 24. Waliokufa na kujeruhiwa walikuwa kama 40,000. Katika mji wa Castiglione majeruhi walijaa makanisani, na madaktari walikuwa wachache mno.

Dunant akaweka shida yake kando. Yeye pamoja na akina mama wa mji waliwanywesha maji na kuosha vidonda, bila kubagua Mfaransa na Mwaustria. Mwaka 1862 alitoa kitabu akiomba kila nchi iandae watu wa kujitolea mapema, kabla ya vita. Mwaka 1863 kamati ya watu watano iliundwa, na mwaka 1864 mataifa 12 yalitia sahihi Mkataba wa Geneva.

Kwa hayo hakutajirika. Mwaka 1867 alifilisika, akauacha mji wake, akaishi katika umaskini na kusahauliwa. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Frédéric Passy. Alifariki Heiden mwaka 1910.

Ndugu zetu, hapa kambini tunasikia wengi wakisema: bila posho hatujitolei. Hatuwalaumu, maana mgao ni mdogo na watoto wana njaa. Hata sisi wachungaji mara nyingi tumemwombea mgonjwa, kisha tukarudi nyumbani bila kumchotea hata ndoo ya maji. Lakini kilichomsukuma Dunant si posho. Aliona kwa macho yake, akashindwa kupita. Ndivyo alivyofanya Msamaria katika Luka 10.

Mvua zinakaribia, na kipindupindu hakiulizi kabila wala nchi tuliyotoka. Wahudumu wa afya wa vijiji vyetu wanahitaji mikono ya kusafisha vyoo na kufundisha kunawa kwa sabuni. Tujiandikishe kwao sasa, kabla ya mgonjwa wa kwanza. Sisi wachungaji tutatangulia.

Mungu awabariki.